Upepo Shingoni mwa Wening

Mfuko wa raketi ndio ulioanzisha mambo yote. Siku ile stesheni ya Balapan ilifurika watu utadhani mji mzima wa Solo umeamua kuhama kwa treni moja. Wening alishuka behewa la mbele, kavaa suruali ya mazoezi ya buluu na koti la njano la klabu yake ya mpira wa vinyoya, nywele kazifunga juu, mfuko mrefu begani. Aliposikia anaitwa nyuma, akageuka ghafla, kama wachezaji wanavyogeuka. Mfuko nao ukageuka naye. Ukamgonga kijana mmoja kifuani, na wali wa nazi aliokuwa akila kwenye jani la mgomba ukamwagikia shati lake jeupe.

"Lo! Samahani, Kaka! Samahani sana!"

"Samahani ya nini?" kijana akapaza sauti mpaka wachuuzi wakanyamaza. "Shati hili naenda nalo harusini! Mimi ndiye msimamizi! Nikasimame mbele ya mchungaji na kuku kifuani?"

Wening akatazama. Kweli, kipande cha kuku kilikuwa kinaning'inia kwenye kifungo. Akajitahidi asicheke. Akashindwa.

"Unanicheka?"

"Sicheki, Kaka."

"Meno yote yako nje, halafu hucheki!"

Wening akavua koti lake, akampa pamoja na namba yake ya simu. Ndivyo Togar, fundi matairi kutoka Medan aliyefungua karakana Solo, alivyosimama kanisani kando ya bwana harusi akiwa kavaa koti la njano lenye picha ya raketi mgongoni. Jioni simu ikalia.

"Haloo, mmwaga wali."

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye koti lako. Bwana harusi kaninunia, picha zote nang'aa kumpita mkewe. Sasa sema, nilirudishe au nilioe?"

Wening alicheka mpaka mama yake akachungulia mlangoni.

Wakaanza hivyo. Togar alimwita Bingwa, na Wening alimwita Bang, maana ndivyo wanavyoitwa wanaume wa kwao Medan. Togar alikuwa mtu wa sauti kubwa, anaongea kama vile kila mtu yuko ng'ambo ya barabara. Wening alikuwa binti wa Solo, mji ambao hata mtu akigombana hugombana kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

"Kesho nikupitie tukale?" Togar aliuliza kwenye simu.

"Nggih."

"Hilo neno lenu, Bingwa, ni ndiyo kweli, au ndiyo ya kunifukuza?"

"Ni ya adabu."

"Sijauliza adabu. Unakuja, huji?"

"Nggih," akasema Wening, akakata simu huku anatabasamu.

Mtoto wa Solo hunyonya neno hilo pamoja na maziwa. Mzazi akisema, unaitikia nggih. Mwalimu akisema, nggih. Mara nyingi ni ndiyo. Mara nyingine maana yake ni nimekusikia tu, basi. Aliyezaliwa pale huangalia macho akajua ni ipi. Togar hakuwa na macho hayo. Kwao ndiyo ni ndiyo, na hapana huja pamoja na kofi la meza.

Halafu upepo ukaingia.

Wenyeji husema hivyo. Ukichoka, ukihisi baridi, ukiumwa kichwa, umeingiwa na upepo. Wening alianza kuwashwa mwili bila vipele. Akawa anaamka shuka limelowa jasho. Kisha shingoni, juu ya mfupa wa bega, pakatokea kivimbe kama kokwa ya ukwaju. Hakikuuma, na ubaya wake ulikuwa hapo.

"Upepo huo," mama yake, Mama Sumirah, alisema. "Mtoto unalala feni imekutazama usoni! Lala kifudifudi."

Akachukua sarafu na mafuta ya kuchua, akamkwaruza mgongo na shingo ili upepo utoke, hadi mistari myekundu ikajaa kama ngozi ya chui milia. Wening alipata nafuu. Wazazi wenzangu, ni mtoto gani asiyepata nafuu akiguswa na mama yake? Hapo ndipo tunapodanganyika. Kila upepo uliporudi, sarafu ilirudi. Miezi ikapita. Kokwa ya ukwaju ikawa yai la kware, na Wening akaanza kuvaa fulana za kola.

"Una nguvu kweli wewe?" Kocha Dibyo aliuliza mazoezini.

"Nggih, Kocha."

Togar naye, kwenye simu: "Mbona unahema hivyo?"

"Nimepanda ngazi."

"Nyumba yenu haina ngazi!"

"Basi nimeshuka, Bang. Jamani, mpelelezi wewe!"

Wakacheka, maneno yakapita. Kwenye mashindano ya mji Wening aliruka kufyatua kinyoya, akatua, na miguu haikumpokea. Alipofungua macho yuko hospitali, na daktari mwanamke anapitisha kidole juu ya mistari myekundu ya shingoni.

"Mmekuwa mkikwaruza hapa muda gani?"

Mama Sumirah akaitazama sakafu. Daktari akakata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yakaja: saratani ya tezi. "Inatibika," daktari akasema. "Ila mngekuja mapema..." Hakumaliza. Mama Sumirah ameimalizia mwenyewe sentensi ile kila siku tangu siku ile.

Dripu za saratani zilimnyonyoa Wening nywele na nyusi, zikamfanya achukie hata harufu ya wali. Togar alikuja kila akifunga karakana, mikono bado ina weusi wa matairi. Alimwimbia nyimbo za kwao mpaka wauguzi wakamtoa nje, akaenda kuimbia dirishani. Siku moja Wening alikuwa dhaifu hata kikombe hashiki. Togar akainama juu ya kitanda, machozi yanamtoka bila aibu.

"Ukipona, raketi basi. Usiguse tena. Umesikia, mpenzi? Tuoane, ukae, unenepe. Niahidi."

"Nggih," akasema Wening, akilitazama pazia.

Kijana yeyote wa Solo angeona macho yale yako kwenye pazia. Togar alitoka mbio hadi barazani akampigia mama yake Medan: "Mama, amekubali! Anaacha mchezo, tunaoana!"

Wening akapona. Vipimo vikatoka safi, nywele zikaota laini kama za kifaranga. Lakini ndani hakutulia. Alijipapasa shingo akiwa barabarani, akiwa kanisani, akiwa na tonge mdomoni. Mama yake alimgusa paji la uso kila anapopita, kama mtu anayeonja mchuzi. Nyumbani alikuwa mgonjwa aliyepona. Uwanjani tu ndiko alikokuwa Wening. Basi akawa anaaga kwamba anakwenda sokoni alfajiri, kumbe anakwenda kwa Kocha Dibyo. Mara ya kwanza alicheza kidogo akatapika kando ya wavu. Akapangusa mdomo akasema, "Tuendelee, Kocha." Akarudi kesho yake, na kesho yake tena.

Uongo wa aina hiyo hauna maisha marefu. Mteja mmoja aliyekuja kuziba pancha alimwambia Togar: "Hongera, Bang! Nimeona jina la mchumba wako limebandikwa ukumbini Manahan, kwenye orodha ya mashindano. Amerudi ulingoni!"

Togar aliacha gurudumu limelala barabarani. Alimkuta Wening uwanjani, jasho linamtiririka, mashavu yamewiva.

"Huku ndiko sokoni? Umenunua vitunguu?"

"Bang, ngoja nikueleze."

"Uliniahidi!"

"Nilikuitikia nggih."

"Si ndiyo hiyo?"

"Nilikuwa na maana nimekusikia. Ulikuwa unalia. Ningemwambiaje hapana mtu anayelia?"

"Kwa mdomo! Hapana! Neno fupi, hata mtoto mchanga analiweza!"

"Wewe hukulelewa huku, hujui."

"Na wewe umelelewa vizuri mno, mpaka ukakaa na uvimbe shingoni, kila mtu unamwambia nggih, nggih!"

Hata waliokuwa wakicheza uwanja wa pili walishika vinyoya vyao mkononi. Wening aligeuka akaanza kuokota vinyoya asivyovihitaji. Togar akaondoka.

Simu zikanyamaza. Wening aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta. Mazoezini alipiga kinyoya kama anampiga mtu. Mama Sumirah alimwambia, "Mwombe radhi, mwanangu, mwambie unaacha, yaishe." Alijibu nggih, akaenda kufunga kamba za viatu.

Mashindano yakiwa yamekaribia kabisa, akiwa anaoga, vidole vikagusa. Chini ya taya. Kigumu, kinateleza.

Alitoka bafuni na maji yanamchuruzika. Mama yake alimtazama mara moja tu akajua. Na hofu, jamani, haina akili: mkono wa mama ukakimbilia kabatini penye mafuta na sarafu.

"Njoo nikukwaruze kidogo. Huenda ni upepo tu. Kaa hapa, mwanangu."

Mdomo wa Wening ulikwishajiandaa kwa neno lile lile. Ulimi ulishagusa meno.

"Hapana, Mama."

Mama Sumirah alishtuka kama mtu aliyesikia sahani inavunjika. Tangu amzae hakuwahi kuambiwa hivyo.

"Hapana. Si upepo mpaka daktari aseme ni upepo. Twende sasa hivi." Akavuta simu. "Bang?"

"Mm." Sauti kavu.

"Nina kivimbe tena. Naogopa. Leo sina adabu ya kukuficha. Njoo hospitali."

Kilichosikika ni pikipiki inapigwa teke, inakataa kuwaka, inatukanwa kwa Kibatak, lugha ya kwao Togar, inawaka.

Wakakaa benchi moja, watatu, Mama Sumirah katikati na rozari yake. Baadaye aliona anazuia kitu, akasema anakwenda kununua maji ilhali chupa iko mkononi.

Wening akasema haraka, kabla moyo haujamgeuka. "Kama ni yenyewe imerudi, nitatibiwa. Kama siyo, keshokutwa nacheza. Sikuombi ruhusa, Bang, nakuambia. Ukitaka kukaa nami, kaa ukijua hivyo. Ukitaka kwenda, nenda leo, nikulilie mara moja yaishe."

Togar alisugua weusi wa tairi kwenye kucha.

"Sijui kama nitaweza kutazama," alisema mwishowe. "Ukianguka tena mimi..."

"Sijakuambia utazame. Nimekuambia ukae."

Daktari alimpapasa, akampiga picha, akamtoa damu, akamwambia arudi kesho. Usiku ule hakuna aliyelala kwenye ile nyumba. Kesho yake daktari akaweka karatasi mezani, akamwambia Wening afungue mdomo.

"Jino hili la nyuma limeoza. Tezi imevimba kwa sababu ya jino. Umefanya vizuri kuja."

"Jino?" Togar akapiga kelele. "Mimi nimezeeka kwa ajili ya jino?"

Keshokutwa ikafika. Wening aliingia ukumbini na sketi nyekundu na nywele fupi kama za mwanafunzi, shavu bado limevimba kidogo. Mpinzani wake alikuwa binti mdogo kutoka Kudus, mwepesi kama nzige. Jukwaani Mama Sumirah alikaa na kiti kitupu pembeni yake. Wening alikitazama kiti kile kila alipokwenda kunywa maji. Seti ya kwanza akashinda. Ya pili mapafu yakaanza kuwaka moto, akashindwa. Ya tatu walikimbizana mpaka mwisho kabisa, watu wamesimama. Binti wa Kudus akapiga pembeni, Wening akauwahi, akaurudisha mrefu, ukashuka kwenye mstari.

"Nje!" akasema mzee mwamuzi wa mstari.

"Ndani!" Wening akasema. Kocha Dibyo aliangusha chupa ya maji. Miaka yote aliyomfundisha, mtoto huyu hakuwahi kubishana hata na wavu. "Ulikuwa ndani, Mwamuzi! Mstari umeguswa, nimeuona! Waulize wote hawa!"

Mwamuzi akatikisa kichwa. Mchezo ukaisha, Wening kashindwa. Wening akampa mkono yule binti, akakamata mfuko, akatoka nje kwenye jua.

Togar alikuwa katikati ya pikipiki zilizoegeshwa, amesimama wima, helmeti kichwani, kioo kimeshushwa. Alisimama vile mchezo mzima.

"Umeanguka?" akauliza ndani ya helmeti.

"Nimeibiwa! Mpira uko ndani, kabisa, yule mzee anasema nje! Anavaa miwani ya nini? Na mwamuzi naye kama sanamu! Ningekuwa na pumzi zaidi kidogo tu..."

Togar akainua kioo. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

"Kinachokuchekesha nini?"

"Endelea. Mtukane tena yule mzee."

"Nioe, Bang."

"Sasa hivi?"

"Si Jumamosi, Jumamosi nina mazoezi. Wala si mwezi wa vipimo, mwezi huo silali wala sili, utaniona kituko. Na vikitoka vibaya nitakuambia siku hiyo hiyo."

"Na mimi nikiogopa?"

"Utasema. Una sauti ya kutosha."

Togar alijaribu kuvua helmeti, mkanda ukagoma. Wening akamfungulia.

"Ulikuwa ndani ule mpira," akasema, bado amekasirika.

"Najua."

"Utajuaje? Hukuwepo!"

"Nilisikia ukumbi mzima ulivyoguna," akasema Togar, akaubeba ule mfuko begani mwake.