Magoti ya Pamba

Kijiti alikuwa amekwisha fika getini, sanduku kichwani, shemeji yake alipomwambia alishushe.

"Lifungue."

"Shemeji, umelikagua mara mbili."

"Ya tatu haina ubaya."

Ndani mlikuwa na mashati mawili, kandambili na kipande cha sabuni. Shemeji yake, Mwenye Gari, aliigeuza ile sabuni akaitazama chini.

Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Haya, mfukuze mdogo wangu. Lakini sabuni imekukosea nini?"

"Muulize yeye magoti ya farasi yamekosa nini."

Farasi wa nyumba ile alikuwa jike mweupe, jina lake Pamba. Kila asubuhi alivuta gari la mikate kutoka kwenye tanuri hadi madukani. Kijiti ndiye aliyemlisha na kumsugua, na chumba chake kilipakana na banda. Sasa ilikuwa wiki ya tatu magoti ya mbele ya Pamba yanachubuka. Kidonda kimoja kikikauka, kingine kinatokea. Mwenye Gari alikuwa na jibu lake: Kijiti anamtoa farasi kwa siri, anampanda mbio, anamwangusha.

Ili amkamate, alinyunyiza unga mlangoni mwa banda. Asubuhi unga ulikuwa haujaguswa, na goti lina damu mbichi. Mtu mwingine angeshangaa. Yeye alisema, "Mjanja huyu! Amefagia, kisha akanyunyiza upya."

"Unga kautoa wapi?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo maana nasema mjanja."

Basi siku ile Kijiti anaondoka, fundi wa kwato akabisha hodi. Alikuwa mama wa makamo, mfuko wa nyundo begani. Alikuja kumbadilishia Pamba viatu vya chuma.

"Mnahama?" aliuliza.

"Anahama mmoja," mkewe Mwenye Gari alijibu, akamweleza yote.

Fundi alishusha mfuko. Aliingia bandani. Banda lilikuwa jembamba, sakafu ya mawe imefagiwa ikang'aa. Pamba alikuwa amefungwa kwenye pete ya ukutani kwa kamba isiyozidi urefu wa mkono.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi," alisema Mwenye Gari. "Akilala chini anajipaka samadi. Mwenye tanuri hataki mikate yake ivutwe na farasi mwenye madoa. Tangu mwezi uliopita naifupisha kamba mwenyewe, simwachii mtu. Farasi hulala wima, hata mtoto anajua."

"Na magoti yalianza baada ya hapo?"

"Ndiyo."

"Ahaa."

"Ahaa nini? Wewe na Kijiti mmeshaongea?"

"Nimeongea na magoti. Leteni benchi tukae, mzee. Wewe kijana, subiri kidogo."

Mwenye Gari alikaa katikati, ili wale wawili wasikonyezane.

Ilikuwa mchana, kazi imekwisha. Pamba alifumba macho. Kichwa kikashuka, mdomo wa chini ukalegea. Mguu mmoja wa nyuma akausimamisha kwa ncha ya kwato.

"Mtazameni," fundi alinong'ona. "Hapa anasinzia. Miguu yake inaweza kujifunga isikunjike, ndiyo maana haanguki. Mguu wa nyuma anaupumzisha, kisha atabadilisha. Hiyo ni hali njema. Angekuwa anausogeza mbele mguu wa mbele, asitake kuukanyagia, hapo ningesema anaumwa."

"Kwa hiyo hana neno."

"Ngoja."

Kichwa cha Pamba kilishuka zaidi, hadi kamba ikakaza. Mwili ukayumba. Ghafla magoti ya mbele yakakunjika, yakagonga mawe, pwaa! Farasi akashtuka, akainuka, macho yamemtoka. Goti lilikuwa na damu.

Mwenye Gari alitazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyeinuka kwenye benchi.

"Ana kifafa?" aliuliza.

"Ana usingizi, ndugu yangu. Kusinzia anaweza akiwa wima. Usingizi mzito hauji mpaka alale chini. Hahitaji muda mrefu, nusu saa au saa moja kwa siku inamtosha. Lakini akiukosa siku nyingi, unamvamia akiwa amesimama, naye anaanguka. Kamba yako haimwachi alale. Na hata ungeifungua, nani atajitandaza juu ya mawe, mahali pa kubana?"

"Na kama unanidanganya?"

"Jaribu. Unga si bado upo?" Kijiti alicheka. Mwenye Gari hakucheka. Fundi aliendelea, "Vidonda mwonyesheni daktari wa mifugo. Huenda kuna maumivu mengine yanayomzuia kulala. Na akianza kulala na kuinuka kila mara huku akitazama tumbo lake, msingoje kesho. Mwiteni siku hiyo hiyo."

Daktari alikuja, akasafisha vidonda, hakuona maumivu mengine. Waliondoa ubao uliokuwa umeligawa banda katikati, banda likapanuka. Walileta magunia ya maranda ya mbao kutoka kwa seremala, wakayatandaza tabaka nene. Kamba ikafunguliwa. Mwenye Gari alimwambia Kijiti alale jikoni, akafunga mlango wa banda, akauweka ufunguo mfukoni mwake.

Asubuhi ya nne maranda yalikuwa yamekwama kwenye manyoya ya shingo ya Pamba. Chini palikuwa na shimo la upana wa mwili wake. Mwenye Gari alilipima kwa hatua, bado ana wasiwasi. Mchana wa siku hiyo akamkuta Pamba amelala ubavu, miguu inachezacheza kama anakimbia ndotoni. Alivua kofia, akarudi nyuma polepole.

"Shemeji," alimwambia Kijiti, "nilikusingizia."

"Mimi na sabuni."

Magoti yalipona, ingawa la kushoto halikuota manyoya tena. Pamba alivuta gari miaka sita zaidi, akisuguliwa kila asubuhi kabla ya kutoka. Mwenye tanuri hakulalamika. Kijiti aliondoka na sanduku lake juma lile lile, akajifunza kazi kwa fundi wa kwato; dada yake alimwona kila alipokuja kumbadilishia Pamba viatu. Katika chumba kilicho karibu na banda sasa analala Mwenye Gari. Kopo la unga liko kabatini, na ufunguo wa kabati anao mkewe.