Imelainika, Haijaiva

Kila alasiri, akitoka chuoni kusoma Kurani, Biasha alivua buibui lake, akanawa mikono na kukaa kitako kutunga nyama kwenye vijiti. Mama yake, Bi Riyama, aliuza mishkaki mbele ya baraza ya nyumba yao Mkunazini, na sifa ya mishkaki ile ilikuwa moja tu: ulaini. Asubuhi nyama ya ng'ombe ilikatwa vipande, ikachanganywa na tangawizi, kitunguu thomu, ndimu na papai bichi lililopondwa, kisha ikaachwa itulie. Papai bichi halina mchezo na nyama ngumu. Ikifika jioni, hata bibi yake Biasha, Bi Sichana, aliyebakiwa na meno machache ya mbele, aliitafuna bila ya taabu.

Biasha alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alijifanya muonjaji. Mishkaki ikishapiga rangi juu ya mkaa, naye mama kageuka kuzungumza na wateja, Biasha huchomoa kipande cha mwisho na kukibonyeza kwa vidole. Kikibonyea, hujiambia, "Ishaiva hii," akakitia mdomoni. Ndani kilikuwa chekundu bado, lakini nani anayechungulia ndani ya kitu kitamu?

Miezi ikapita, tumbo la Biasha likaanza vituko. Mara anashikwa na njaa ya ajabu, mara chakula kinamchefua. Sketi ya skuli ikaanza kumpwaya kiunoni. Akiwa darasani husikia tumbo linamsokota, akainamia dawati mpaka limwachie.

"Chango hilo, maumivu ya tumbo ya kike tu," alisema Bi Sichana baada ya kumpapasa tumbo. "Kila mwanamke wa nyumba hii ana chango lake. Ukilibembeleza linalala."

Akamchemshia mizizi. Dawa ilikuwa chungu kama shubiri, lakini Biasha aliinywa yote, maana bibi alikuwa amekaa mbele yake akimtazama kwa huruma. Tumbo halikubembelezeka.

Asubuhi moja alipokwenda chooni aliona kitu kilichomtoa jasho. Palikuwa na vipande vyeupe, bapa, vifupi, mithili ya tambi zilizokatwakatwa. Kimoja kilikuwa kinajikunja na kujikunjua. Biasha alimwaga maji haraka haraka, akamwaga tena, akatoka.

Alijua ni mnyoo. Skuli walishasomeshwa. Lakini kichwani mwake minyoo ilikuwa mambo ya watu wachafu, na yeye alijiona msafi. Tena palikuwa na jambo zito zaidi. Mnyoo yule ametoka wapi, kama si kwenye nyama ya mama? Watu wa mtaa wakisikia, nani atasimama tena mbele ya jiko lile? Hawakuwa na kazi nyingine. Jiko lile ndilo lililowalisha na kuwavisha. Maskini Biasha, akaamua kufunga mdomo, akabaki na mnyoo wake na hofu yake.

Ijumaa Bi Sichana alipika tambi za sukari, akazitia iliki na zabibu. Biasha aliwekewa sahani mbele yake. Alizitazama zile tambi nyeupe, akaangua kilio.

"Ebo! Tambi zimekufanya nini, mjukuu wangu?"

Biasha alijaribu kusema hamna kitu, lakini kwikwi hazikumpa nafasi. Mwisho alimsogelea bibi yake sikioni, akamweleza yote aliyoyaona chooni. Bi Sichana akaisukuma sahani pembeni.

"Basi hilo si chango ninalolijua mimi," alisema. "Chango langu linauma, lakini halijapata kutoka likatembea! Riyama! We Riyama!"

"Abee, mama!"

"Mtoto ana mnyoo. Vaa umpeleke kwa daktari."

Kwenye kituo cha afya walipokewa na Daktari Nassra, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Biasha alipimwa choo na damu. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita ndani.

"Huyu anaitwa tegu. Anaishi kwenye utumbo, na anatokana na nyama ya ng'ombe isiyoiva," alisema. "Nyumbani mnakula nyama mbichi?"

"Hasha!" Bi Riyama alijibu, uso umemwiva. "Mimi nauza mishkaki, Daktari. Nyama yangu inaiva."

Biasha aliangalia sakafu. Angeweza kunyamaza, na mama yake akabaki na heshima yake. Lakini kama nyama ile ina hatari, basi kuna watu wanaila kila jioni.

"Mama, mimi huchomoa kabla," alisema kwa sauti ndogo. "Huibonyeza, nikiiona laini naila. Ndani huwa nyekundu."

Bi Riyama hakumkemea. Alitazama vidole vyake mwenyewe. "Na mimi huibonyeza hivyo hivyo," alisema polepole. "Wateja wakinihimiza, nikiiona laini, naitoa."

"Ulaini wake ni wa papai," alisema Daktari Nassra. "Papai linalainisha nyama, haliui kitu. Vijifuko vyenye vitoto vya tegu vinakuwa vimejificha ndani ya nyama, na dawa yake ni moto uliofika mpaka katikati. Msibonyeze. Pasueni mtazame."

Biasha alikuwa na swali lililomkaa rohoni. "Daktari, mwili wangu ni dhaifu ndiyo maana umeshindwa?"

"Hata kidogo. Damu yako inaniambia umepigana. Kuna chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake kubwa ni kupambana na minyoo. Zako zimeongezeka. Utumbo nao unatoa ute ili mnyoo ateleze atoke, na mwili unatengeneza kinga ya kumtambua."

"Sasa mbona hakutoka?"

"Kwa sababu kijidudu kidogo chembe zako zinaweza kukimeza, lakini tegu ni mrefu kuliko mimi. Zitammeza vipi? Tena ni mjanja. Anajishikiza kwa vinyonyeo, anaifanya upya ngozi yake kila mara, na anatoa vitu vya kuipoza kinga isimkasirikie. Hauumizi sana utumbo, kwa hivyo mwili haupigi kelele kubwa. Anaweza kukaa miaka, anakula chakula chako. Kinga yako haikulala, mwanangu. Imehitaji msaada tu."

Akampa Biasha dawa, naye akaimeza pale pale. Aliwaambia wote wa nyumbani waje kupimwa, na akawakumbusha watumie choo siku zote, kwa sababu mayai ya tegu yakifika kwenye majani, ng'ombe huyala, na mambo yakaanza upya.

Biasha alipopata nafuu, alirudi kwenye vijiti vyake. Jioni ile Usi, jirani yao mwenye haraka kuliko watu wote wa Mkunazini, alinyoosha mkono jikoni.

"Bi Riyama, leo kunani? Nshaibonyeza hii, laini kabisa!"

"Imelainika, Ami Usi," alisema Biasha. "Haijaiva."

Watu wakacheka. Biasha alimtazama mama yake, moyo juu. Bi Riyama aliweka chini kipepeo cha kupepelea mkaa.

"Kweli asemayo," alisema, wote wakimsikia. "Mwanangu kaugua kwa nyama laini isiyoiva, na kosa lilikuwa la jiko langu. Mliokwisha kula hapa, nendeni mkapimwe. Kuanzia leo napasua kwanza. Anayetaka haraka, leo sina cha kumpa."

Mtu mmoja aliondoka. Usi alikuna kichwa, kisha akakaa barazani. "Mimi nangoja," alisema. "Na kesho nakwenda kupimwa."

Bi Sichana alimvuta Biasha karibu yake. "Mjukuu wangu, Mungu ametupa kinga mwilini, lakini hakuipa kazi ya moto. Ivisheni chakula. Na ukiona jambo mwilini mwako, sema siku ile ile, usingoje tambi zikulize. Mnyoo hatolewi kwa kuonewa aibu."

Bi Riyama alichukua kipande, akakipasua katikati. Ndani hapakuwa na wekundu wowote. Nusu alimpa bibi, nusu akampa Biasha.