Sikuuliza Umeona Wangapi

"Saini hapa, mpenzi. Jina lako litoke kwenye foleni ya wagonjwa wa kupelekwa India, Jumamosi nikufanyie mwenyewe."

Filomena alishika kalamu huku akihema. Alikuwa amepanda ngazi kumi na mbili tu kufika ofisini humo, lakini kifua kilimwenda mbio. Vali ya moyo wake ilibana tangu utotoni, tangu yale maumivu ya koo ya kijijini kwao Nyandira ambayo bibi yake aliyatibu kwa asali tu, yakashuka mpaka moyoni. Sasa, miezi mitatu kabla ya harusi, hakuweza hata kufundisha darasa la nne mpaka kengele ya mapumziko.

Mchumba wake, Daktari Deogratias, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kupata kazi kwenye hospitali binafsi iliyofunguliwa mjini Morogoro. Miaka hiyo kila mwenye nafasi alikuwa anafungua kitu: duka la simu, chuo, hospitali.

"Una hakika, Deo?"

"Wagonjwa wa vali nimeona mia mbili, Filo. Mia mbili! Unapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Kwenye ncha kuna puto. Unalijaza, vali inafunguka, basi."

"Na India wanafanyaje?"

"Hivyo hivyo. Ila kule utakuwa namba. Hapa utakuwa mke wangu."

Neno hilo lilimlegeza. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Simu ya Deo ikalia, naye akatoka nje kuipokea, kwa sauti ya mtu anayeongea na bosi.

Mikidadi, mhudumu mzee wa chumba cha upasuaji, akaingia kuchukua boksi la vifaa vya moyo lililokuwa pembeni.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, Mluguru wa milimani! Ndiye wewe wa Jumamosi?"

"Ndiye mimi."

Mikidadi, Mnyamwezi wa Tabora, akaangua kicheko.

"Haya, hongereni! Waluguru kila kitu huwafikia mwisho huko juu, leo mmekuwa wa kwanza. Mashine bado iko kwenye nailoni, mtani wangu. Daktari wako jana alikuwa anasoma kitabu chake kama mtoto anayesubiri mtihani!"

Filomena akacheka. Utani ni utani, mtani hakasirikiwi. Kisha akaliangalia lile boksi mikononi mwa mzee. Utepe wake wa gundi ulikuwa haujabanduliwa. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Deo aliporudi, alikuta kalamu imewekwa mezani.

"Vipi? Malizia, mpenzi. Mgeni rasmi wa uzinduzi amethibitisha, na wapiga picha watakuwepo."

"Umefanya wangapi?"

"Si nimekwambia? Nimeona mia mbili."

"Sikuuliza umeona wangapi. Mikono yako wewe imefanya wangapi?"

Deo akarekebisha tai.

"Filo, kwenye udaktari, kuona ni..."

"Ulikuwa umesimama wapi ukiona?"

Deo akageukia faili lililokuwa mezani.

"Deo, ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya kioo. Lakini nilikuwa naona kila kitu!"

"Kwa hiyo umefanya sifuri."

"Lazima mtu awe wa kwanza! Hata hao Wahindi walianza na mmoja."

"Alikuwepo mwalimu wa kuwashika mkono. Wako atakuwepo?"

"Tungemsubiri mpaka lini? Mkurugenzi anataka tufungue sasa."

"Na mgonjwa wa kwanza ukaona niwe mimi, bila kuniambia."

"Mgonjwa mwingine angeuliza maswali," alisema Deo, tena kwa upole, kana kwamba anambembeleza. "Wewe unaniamini."

Akamwekea mkono begani. Filomena alisikia harufu ya manukato yake, yale yale aliyoyapenda. Kumbe mapenzi yote yale, maua, barua, safari za Jumapili kupanda mpaka Nyandira kumsalimia mjomba wake Lukasi, yalikuwa yanatafuta mtu asiyeuliza! Akautoa ule mkono kwa vidole viwili, kama anayeondoa kiwavi kwenye kabichi. Akavua pete, akaiweka juu ya karatasi.

"Hujifunzii kunyoa kichwani kwangu, Deo."

Nje, wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Filomena akasimama mbele yao, akishikilia ukuta ili apate pumzi.

"Ndugu zangu, mwenye shida ya vali amuulize daktari amefanya wangapi. Msimuulize ameona wangapi."

Wengine waliinuka. Wengine walibaki, kwa sababu hawakuwa na foleni nyingine ya kusubiri.

Zamu yake ya India ilifika baada ya wiki saba. Daktari wa huko alikuwa anafanya watatu kwa siku, na alifanya kazi huku akimuuliza habari za mvua za kwao. Filomena alirudi Nyandira akipanda mlima bila kusimama. Mjomba Lukasi alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Siku chache baadaye, akiwa shambani kwa mama yake akichuma njegere, simu ikatetemeka.

"Nasikia umepona. Nimefurahi sana. Usinichukie Filo. Mimi pia nimekomaa, nimeshafanya wanne sasa. Turudiane."

Filomena akaandika:

"Wangapi wako hai?"

Alijaza kikapu kizima kabla jibu halijafika.

"Wawili. Lakini tunazidi kuimarika."

Aliusoma ujumbe huo mara mbili. Akatema mate kwenye udongo. Alimchukia Deo, na alijichukia mwenyewe kwa kuwahi kumwita mume wangu.

"Nani huyo?" aliuliza mama yake.

"Deo."

"Anataka nini tena? Mfute!"

Filomena akaketi kwenye tuta, akaanza kufuta. Akafuta "usiku mwema malaika wangu". Akafuta "moyo wako ni wangu". Alifuta jumbe zote za miaka miwili, ila huo wa mwisho akauacha.

"Mbona huo umeubakiza?"

"Huo si wangu, mama. Kesho nashuka mjini. Mganga Mkuu wa Mkoa atausoma mwenyewe."