Didas na Bei ya Marumaru

Saa saba mchana, Jumamosi, mafundi watano walikuwa wamekaa juu ya rundo la matofali huko Kibamba, wakila wali na maharage. Nyumba waliyokuwa wakiijenga ilikuwa ya Bi Genoveva, muuguzi mstaafu. Ilikuwa imebaki bafu moja na ukuta wa uzio. Didas, fundi mwashi, ndiye aliyeijenga tangu msingi. Chakula kilipikwa na mkewe, Auleria, ambaye huwauzia mafundi kila siku.

Siku hiyo walikuwa wamelipwa. Hilal, fundi marumaru, alimpa Auleria noti ya elfu kumi.

"Chenji kaa nayo, shemeji. Wiki hii sebule imenilipa."

"Umeshakuwa tajiri?"

"Elfu saba kila mita ya mraba. Siku nzuri naweka mita kumi na mbili. Piga hesabu mwenyewe."

Auleria alipiga hesabu kichwani. Kisha akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama sahani.

Didas alilipwa elfu thelathini kwa siku. Lakini nyumbani alikuwa amesema kwamba mafundi wote wa pale wanalipwa sawa. Alisema hivyo kwa sababu miaka minne iliyopita Hilal alikuwa saidia wake, akimkorogea simenti na mchanga.

Polikarpo, fundi rangi, hakuacha nafasi hiyo ipite.

"Hilal, si huyu ndo alikuwaga bosi wako? Bosi anakula maharage, saidia anaacha chenji!"

Wote walicheka. Didas naye alicheka. Masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Walirudi nyumbani pamoja. Njiani Auleria alizungumzia bei ya mchele tu, si malipo ya Hilal. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Jumatatu Hilal alikwenda Mbezi Beach kumalizia kazi nyingine. Bi Genoveva alitaka bafu liishe wiki hiyo hiyo. Didas akamwendea mama huyo.

"Shikamoo, mama. Bafu hilo mie naweza. Unipe tu bei ya Hilal."

"Marahaba. Umeshawahi kuweka marumaru?"

"Fundi ni fundi, mama."

Hilo halikuwa jibu, lakini Bi Genoveva alilikubali.

Didas alifanya kazi siku mbili bila kupiga soga. Kila marumaru aliyoiweka aliipima kwa pima maji. Kwa fundi mwashi, pima maji ndiyo heshima. Tofali lililolala vibaya huharibu ukuta mzima. Kwa hiyo alihakikisha sakafu yote imenyooka kama meza. Alipomaliza alimwita mkewe aje aone.

"Imependeza," alisema Auleria. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Kesho yake Bi Genoveva alikuja na Eliaichi, msimamizi wa ujenzi. Eliaichi alisomea ufundi sanifu, na alikuwa akija mara moja kwa wiki. Alimwaga ndoo ya maji bafuni. Maji hayakwenda kwenye tundu la kutolea maji. Yalisimama. Halafu yakaanza kusogea polepole kuelekea chumbani.

Eliaichi aliinama, akagonga marumaru kwa mpini wa mwiko. Nyingine zililia kama debe tupu.

"Hapa chini hakuna gundi," alisema. "Umeweka madonge katikati tu, pembe zote ziko wazi. Na sakafu ya bafu hainyooshwi. Lazima iinamie kwenye tundu."

Mafundi walikuwa wamejaa mlangoni. Nyuma yao alisimama Auleria na sufuria la wali.

"Baba," alisema Bi Genoveva, "kama hujui, si ungesema? Sasa ukuta wangu wa uzio usiuguse. Nitatafuta fundi mwingine."

Didas alikusanya vifaa vyake, akaondoka. Akazima simu. Ndivyo wanavyofanya mafundi wengi wakiharibu kazi. Mwenye nyumba hupiga simu mpaka anachoka.

Alijifungia ndani siku mbili. Siku ya tatu asubuhi Auleria alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Wewe umezima simu. Mie kule naenda kila siku, naulizwa mume wangu yuko wapi. Nijibu nini?"

Didas aliinuka kitandani, akakaa.

"Na kwa nini uliniambia mnalipwa sawa? Elfu thelathini ndiyo inatulisha. Sijawahi kuiona ndogo."

Didas alivaa shati. Alichukua nyundo na tindo, akaenda Kibamba.

Bi Genoveva alikuwapo, pamoja na Eliaichi, aliyerudi kwa ajili ya bafu hilo.

"Shikamoo, mama. Nimeharibu. Nimekuja kubomoa nilichoweka. Zitakazovunjika nitazilipa."

Bi Genoveva alifungua mlango wa bafu. "Bomoa," alisema.

Mchana Eliaichi alimkuta bafuni, vumbi limemjaa usoni.

"Fundi Didas, unajua kwa nini Hilal anapata zaidi yako?"

"Ana bahati."

"Bahati gani? Alikaa mwaka mzima chini ya fundi mwingine akijifunza. Mashine ya kukatia kainunua mwenyewe. Akivunja marumaru, analipa. Halipwi kwa siku, analipwa kwa kipimo. Mwezi uliopita alikaa karibu wiki mbili hana kazi. Hilo hakulisema wakati wa kula."

"Na mie nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii."

"Najua. Pembe za nyumba hii nimezipima zote, hakuna iliyokosea. Lakini siku ya kwanza mama alipokuuliza bei, ulimjibu nini?"

Didas alikumbuka. Alijibu kama anavyojibu siku zote: "Utakavyoona mwenyewe, mama."

"Basi mama aliona elfu thelathini," alisema Eliaichi. "Hakukudhulumu. Wewe hukutaja bei. Mwashi naye anaweza kulipwa kwa kipimo. Sema kila tofali shilingi mia tano. Kwa siku unajenga mangapi?"

"Mia na ishirini."

"Elfu sitini. Toa elfu kumi na nane ya saidia, maana hapo utamlipa wewe."

"Inabaki arobaini na mbili."

"Bado humfikii Hilal, na huenda usimfikie. Ni kazi mbili tofauti. Ukiitaka yake, jifunze. Ukishaijua, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti. Lakini usiuze kazi usiyoijua."

Hilal aliporudi, alimkuta Didas anakoroga gundi.

"Leo nikuiteje?" aliuliza. "Fundi au saidia?"

"Saidia," alisema Didas.

Polikarpo alipiga mluzi dirishani. Didas aliendelea kukoroga. Hilal alifunga kamba nne kutoka kwenye kuta hadi kwenye tundu, akamwonyesha jinsi ya kupata mwinamo kwanza. Gundi aliipaka chini kote, bila kuacha nafasi. Didas alitazama kila kitu. Aliuliza maswali, hata yale aliyoyaonea haya.

Bafu lilipokubaliwa, Bi Genoveva alimwita Didas.

"Ukuta jenga wewe. Ila taja bei kabla hujashika mwiko."

Didas alimtazama usoni. "Mia tano kwa tofali, mama."

"Mia nne."

"Mia tano. Ukipata nyufa kwa kosa langu, narudia bure."

"Haya. Mia tano."

Uzio ulipokaribia kwisha, mwalimu Ansbert, mwenye kiwanja cha jirani, alisimama kuutazama. Ilikuwa saa ya chakula. Auleria alikuwa anapakua wali.

"Fundi, ukuta umesimama vizuri. Nyumba yangu unaweza kuijenga mpaka mwisho? Msingi, lipu, marumaru, vyote?"

Auleria aliacha kupakua. Mafundi nao waligeuka kumtazama Didas.

"Msingi, kuta na lipu nafanya," alisema Didas. "Tofali moja mia tano. Msingi na lipu nitakupa bei nikishapima. Marumaru siwezi. Nitakuletea Hilal."

Mwalimu Ansbert alitikisa kichwa kukubali. Didas akapima kiwanja, wakaandikiana siku hiyo hiyo, Auleria akiwa shahidi.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Didas alivuta kamba ya kwanza ya msingi wa mwalimu.