Nani Alimwambia Anasikia?

Mfumaji wa kwanza asubuhi ile alinyoosha mkono kabla kitufe hakijabonyezwa.

Dada wa Masikio alidhani jamaa ana haraka ya kurudi kwenye mashine yake. Ndivyo wafanyakazi wa kiwanda cha magunia walivyomwita yule muuguzi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwapima usikivu. Mtu aliingia kwenye kibanda kilichobandikwa sponji ukutani, akavaa hedifoni, akatazamana na muuguzi kupitia dirisha la kioo. Muuguzi akibonyeza kitufe, mlio unatoka. Ukiusikia, nyoosha mkono. Hata mtoto wa chekechea angeelewa.

"Mbona unanyoosha mkono na mimi sijapiga kitu?" alimuuliza alipotoka.

"Umepiga, Dada. Ule mwembamba kabisa, unachoma kama sindano." Mfumaji alijikuna sikio, kisha akapunguza sauti. "Samahani, kwani humo ndani kuna nani mwingine?"

Wa pili naye akanyoosha vilevile. Wa tatu alitoka mbio, hedifoni zikimning'inia shingoni, akisema kuna mtu anahema nyuma ya kisogo chake na pumzi yake inanuka mafuta ya mashine yaliyoungua. Dada wa Masikio akachungulia. Kulikuwa na kiti kimoja, na nyuma yake ukuta mtupu. Lakini harufu aliikuta, na harufu ile aliijua. Ndiyo aliyokuwa akiiacha Baba Pacha kila alipokuja kupimwa.

Baba Pacha alikuwa fundi wa mashine za kufumia, mtu wa mizaha, wa kucheka mwenyewe kabla hajamaliza kusimulia. Kelele za mashine zile huyala masikio ya watu, tena huanza kuyala kutoka juu. Milio myembamba ndiyo inayotangulia kupotea, na mwenyewe hajui, kwa sababu wenzake wakiongea bado anawasikia. Anajiona mzima wa afya. Kipimo kiliwekwa kwa ajili ya watu kama hao, na aliyeshindwa alionyeshwa geti.

Hapo ndipo huruma ya Dada wa Masikio ilipoharibu mambo. Kila alipobonyeza kitufe, kidevu chake kilishuka kidogo. Mwanzoni hakujua. Alipokuja kujua kwamba kiwanda kizima kinaambizana "we mtazame kidevu tu," angeweza kugeuza kiti chake akakaa ubavu, na mchezo ungeishia hapo. Hakukigeuza. Aliwaonea huruma, nao wakampenda, na kupendwa jamani ni kutamu. Baba Pacha alinyoosha mkono kwa milio ambayo hakuisikia hata mmoja, akamkonyeza kupitia kioo, akatoka amefaulu.

Kisha siku moja toroli la umeme la kubebea marobota likarudi nyuma, king'ora chake chembamba kikilia. Vijana wote walikisikia wakaruka pembeni. Baba Pacha alibaki ameligeuzia mgongo, anakaza nati.

Uongozi ulisema masikio yake yalipimwa yakaonekana mazima, kwa hiyo bila shaka alikuwa amelewa. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe! Mama Pacha akawa anapita mtaani watu wakiguna nyuma yake, na wale mapacha wakaitwa shuleni watoto wa mlevi. Neno moja la muuguzi lingemsafisha marehemu. Neno hilo alilimeza, akaendelea kuja kazini na kunywa chai na wenzake. Ilikuwa aibu, na alijua ni aibu.

Wafumaji walipogoma kuingia kibandani, meneja, ambaye hadharani hakuamini majini, alimpitisha mganga mlango wa nyuma. Alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye kikohozi. Hakutaka makuu. Alichoma udi, akaomba maji, akamkalisha kitini yule mfumaji wa tatu, kisha wote wanne, pamoja na meneja na Dada wa Masikio, wakajibana ndani na mlango ukafungwa, na ngurumo ya kiwanda ikakatika, ikabaki pumzi yao tu, halafu zikawa pumzi za watu watano, ile ya tano ikizunguka polepole kutoka bega hadi bega kama anayetafuta mtu wake gizani, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikapanda ikaumeza udi, hadi mdomo wa mfumaji ukafunguka na sauti isiyo yake, nyembamba ya kuumiza meno, ikatoka.

"Wewe ni nani?" mganga alinong'ona.

"Mkaazi wa mashine. Nakaa juu ya kelele zenu, pale masikio ya binadamu yanapoishia. Fundi alikuwa jirani yangu. Alikuwa akiipaka mafuta mashine yangu huku akiiimbia. Siku ile nilimpigia ukelele mpaka vioo vikapasuka, hakugeuka." Kisha sauti ikauliza, "Nani alimwambia anasikia?"

Meneja alitazama dari. Dada wa Masikio alitazama viatu vyake.

"Aliyemwambia yumo humu?" mganga aliuliza taratibu. "Aseme tu, yaishe."

"Hayumo," alisema Dada wa Masikio.

Mganga alimkodolea macho kwa muda, kisha akafanya kazi yake. Mfumaji alizinduka akiomba maji, na harufu ikaondoka.

"Kibandani nimemtoa," mganga alisema akifunga mkoba wake.

"Ameenda wapi?" meneja aliuliza.

"Kwa mwenye jibu."

Kesho yake Dada wa Masikio aliona ndege kwenye waya nje ya dirisha wakifungua midomo bila kutoa kitu. Akasema ni mafua. Halafu birika likachemka likamwagikia jiko bila yeye kulisikia likipiga mluzi. Halafu simu. Dunia ilikuwa inamchujukia kutoka juu kuja chini, na kadiri ilivyonyamaza ndivyo alivyozidi kuisikia pumzi nyuma ya kisogo chake, jikoni, bafuni, foleni ya dukani, ikiuliza swali lile lile kwa sauti ile nyembamba, pekee katika sauti zote nyembamba iliyokuwa imebaki.

Alasiri moja alikuwa akimenya viazi. Binti yake mdogo alisimama mbele yake, uso umelowa machozi, mdomo ukifunguka na kufumbika.

Kutoka sebuleni ngurumo ya mumewe ilimfikia bila shida. "Mama watoto! Mtoto anakuita muda wote huo, huna masikio?"

Alidondosha kisu. Alimkumbatia mtoto, akakisikia kifua chake kidogo kikitetemeka kwa kilio, lakini kilio chenyewe hakukisikia. Akatoka na kandambili, mikono imejaa maganda.

Mama Pacha alikuwa anafua mlangoni kwake, majirani wakiwa kwenye vibaraza vyao. Dada wa Masikio hakumvuta pembeni. Alisimama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti kubwa, maana hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani.

"Mumeo hakulewa! Alikuwa hasikii king'ora. Mimi nilijua hasikii, nikampitisha. Nilikuwa namwonyesha kwa kidevu. Mimi ndiye niliyemwambia anasikia. Mimi!"

Pumzi nyuma ya kisogo ikakoma. Harufu ikapeperuka na upepo. Majirani wakatazamana, na mmoja wao, aliyekuwa hodari wa kuguna, akaingia ndani kwake taratibu.

Dada wa Masikio alingoja ndege waanze, watoto waanze. Gari zito lilipita barabarani, akalisikia vizuri. Kingine hakikurudi.

Mama Pacha aliinuka, povu likimtiririka mikononi. Alikuja karibu kabisa. Alivuta ncha ya mtandio akafunika mdomo wake, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, macho yamejaa, mtandio ukicheza juu ya midomo. Huenda alikuwa anasamehe. Huenda alikuwa anamlaani, yeye na kizazi chake. Kisha alinyamaza, akangoja jibu.

Dada wa Masikio alitaka kumwambia arudie, kwamba hakumsikia. Lakini mtu anautoa wapi uso wa kumwambia mjane wa Baba Pacha maneno hayo? Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia kila kitu.