Majina Kumi na Moja Yaliyokatwa

Ndugu zangu, ninayewasimulia haya sikuja kumcheka mtu, ingawa pengine nitacheka kidogo, mnisamehe. Ni habari ya mtu mwema, tena mwenye bidii, aliyeponzwa na wema wake mwenyewe.

Kila Jumamosi asubuhi mtangazaji wa redio ya mtaa alikwenda kunywa chai kwa dada yake. Nyumba ya dada ilikuwa ya mwisho kule bondeni, vyumba viwili tu: kimoja cha kulala, kingine cha cherehani tatu na marundo ya sare za shule zinazosubiri vifungo. Dada alikuwa fundi. Wazazi wao walipofariki ndiye aliyemlea mdogo wake, na mkate ulipokuwa mmoja aliukata katikati, akipima kwa jicho hadi chembe ya mwisho. Mtangazaji hakuwahi kusahau kisu kile. Alipokua alitaka kuwa mtu wa haki kama dada yake, na mtaa mzima ukamwita Mizani. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Asubuhi hiyo alikuta watu wanapita mlangoni na majembe, wakicheka na kusukumana. Msimu wa mvua uliopita maji yalifika kizingitini kwa dada, kwa hiyo wakazi walikuwa wameamua kupanua mfereji wa bonde kila Jumamosi, na dada ndiye mwenyekiti wao. Wiki hiyo walifika watu arobaini.

"Unakunywa chai yangu bila kushika jembe?" dada alimtania.

"Mimi jembe langu ni mdomo, dada. Jumatano nina mjadala mkubwa. Je, ni kweli binadamu ndiye anayeiharibu hali ya hewa? Pande zote mbili zitasikika."

"Haya. Ila wahi kuhama hapo, nataka kukata kitambaa."

Kipindi chake kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Viti viwili, wageni wawili wasiokubaliana, na katikati ya meza saa ndogo ya jikoni, ile ya kuzungusha kwa mkono, inayolia kengele chakula kikiiva. Dada alikuwa amempa zawadi siku alipoajiriwa. Kila mgeni alipata dakika kumi, na kengele ikilia, hata kama ni waziri, ananyamaza.

Kiti cha kwanza kilipata mtu upesi: mama mmoja wa kituo cha utabiri wa hali ya hewa, mwenye miwani minene na sauti ya chini. Kiti cha pili ndicho kilichomtoa jasho. Siku tatu Mizani alipiga simu, akitafuta mwanasayansi wa kumpinga yule mama. Aliandika majina kwenye daftari lake la jalada jekundu. Wa kwanza akasema yule mama yuko sahihi. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu alimweleza kwa nusu saa, akimtajia vipimo vya miaka mingi, na mwisho wake akasema yale yale. Kila jina Mizani alilikata kwa mstari, kisha pembeni akaandika: *Anakubaliana. Hafai.*

Alikata majina kumi na moja. Ndugu zangu, hebu tusimame hapa kidogo. Mtu anauliza swali moja kwa wajuzi kumi na mmoja, anapata jibu moja, halafu anaona kwamba amekosa jibu! Lakini Mizani hakuliona hilo. Alichokiona ni kiti kitupu.

Ndipo akamkumbuka muuza vigae. Huyu alikuwa na duka barabarani, na sauti ya kumfanya mtu asimame hata kama hana nyumba ya kuwekea vigae. Aliwahi kuiandikia redio barua ndefu akisema joto lote linatoka kwenye jua na hayo mengine ni vitisho. Alikubali kabla simu haijakatwa.

Jumatano saa kumi alasiri, mama wa utabiri alianza. Alieleza kwamba moshi wa mafuta na makaa ya mawe tunayochoma unaacha angani gesi inayozuia joto lisitoke, na kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. "Kwa hiyo mvua kubwa inapokuja, inakuja na uzito zaidi ya ule tuliouzoea," alisema. "Siwezi kukutajia siku. Ninachosema ni kwamba hatari inaongezeka, na watu wa mabondeni wajiandae. Katika hili sisi wataalamu karibu wote tumeafikiana. Sasa naomba nimuulize mwenzangu, yeye amefanya utafiti gani..."

Kengele ikalia.

"Dakika zako zimekwisha, mama," akasema Mizani kwa upole. Haki ni haki.

Muuza vigae alijisogeza mbele. Hakupinga mfereji wala hakumtukana mtu. Alicheka kidogo, akasema hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu dunia iwe dunia, na babu zetu hawakuwa na magari. "Mnaona wenyewe," alimalizia, "hapa tuko wawili na hatukubaliani. Mimi nasema tusubiri. Wataalamu wakubaliane kwanza, ndipo tujichoshe."

Wasikilizaji walifurahi mno. Mizani alirudi nyumbani ameridhika: dakika kumi kwa kumi, hakuna aliyependelewa.

Jumamosi iliyofuata walifika mferejini watu kumi na wawili. "Wataalamu wenyewe bado wanabishana," walisema waliobaki nyumbani, "sisi tuvunje migongo kwa nini?" Jumamosi ya baadaye wakaja wanne. Dada alichimba nao, akapita nyumba kwa nyumba akigonga milango, akarudi amevimba mikono. Aliposhindwa kuvumilia alimwambia mdogo wake.

"Hebu tangaza tena. Waambie watu waje."

"Dada, nikisema hivyo nitakuwa nimeegemea upande mmoja."

Dada akainamia cherehani yake. Mfereji ulibaki umechimbwa nusu, mpana juu na mwembamba kule chini, penye nyumba yake.

Mvua ilianza Jumanne saa tano asubuhi. Kwa saa mbili ilimwagika bila kupumua. Maji yaliteremka kwa kasi katika ule upana mpya, yalipofika pembamba yakakosa pa kwenda, yakapanda. Mizani alipata habari akiwa studio, akakimbia hadi bondeni na viatu vya ofisini. Ukuta wa chumba cha cherehani ulikuwa umelala. Majirani walikuwa wanainua matofali kwa mikono mitupu, na chini ya meza ya chuma walimkuta dada, hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa na cherehani.

Hospitali waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu havikunyooka tena. Fundi wa sare za shule, ndugu zangu, ambaye hawezi kushika sindano.

Mizani alikwenda dukani kwa muuza vigae akiwa na hasira.

"Ulijua nini wewe kuhusu hali ya hewa?"

"Sikujua kitu," yule bwana alijibu, na kwa kweli alionekana mnyonge. "Nilisoma huku na huku. Lakini kaka, uliniuliza? Wewe ndiye uliyenipa kiti."

Akarudi hospitali na kukaa kando ya kitanda. Alilia kama alivyolia siku ile ya msiba wa wazazi wao, bila kujificha.

"Nilitaka kuwa wa haki, dada. Kama wewe na ule mkate."

"Mkate niliukata katikati kwa sababu wote wawili tulikuwa na njaa," dada akasema. "Ungekuja ukaniuliza kama kisu kina makali, ningekukatia jibu nusu kwa nusu?"

Jumatano iliyofuata Mizani aliingia studio peke yake. Kiti cha pili alikitoa nje, na saa ya jikoni akaiweka chini ya meza. Akafungua daftari jekundu, akasoma jina la kwanza, akasoma alichoandika pembeni: *Anakubaliana. Hafai.* Akasoma la pili. Akasoma yote kumi na moja, neno kwa neno.

"Hawa ndio niliowaficha," alisema. "Niliwaambia ninyi wasikilizaji kuna ubishi kwa sababu mimi ndiye niliyeutafuta. Jumamosi nitakuwa mferejini na jembe la dada yangu."

Jumamosi hiyo watu walijaa bonde lote. Muuza vigae naye alikuja, akachimba kimya hadi jioni. Mfereji ulikamilika katika wiki tano. Dada alikaa kwenye kiti juu ya ukingo, mkono umefungwa, akiwaonyesha kwa mkono wa kushoto mahali pa kuchimba.

Funzo

Sisemi kwamba mvua ile moja ililetwa na moshi. Mama wa utabiri mwenyewe asingeniruhusu, maana hakusema hivyo. Alisema hatari inaongezeka na tujiandae, nasi tukamsikiliza kwa dakika kumi kisha tukamsikiliza muuza vigae kwa dakika kumi, tukarudi nyumbani tukiamini elimu ya maisha yote ya yule mama na barua ya yule bwana vina uzito mmoja.

Basi ukisikia kwamba wajuzi hawajaafikiana, usikimbilie kulala. Uliza nani anabishana na nani, na huyo mpinzani amepima nini. Kuwasikiliza watu wote kwa heshima ni jambo jema. Kuutengeneza ubishi pale usipokuwepo ni uongo, hata kama kila upande umepewa dakika sawa. Na wewe unayewapa watu viti, uwe na redio, darasa au baraza, waonyeshe pia majina uliyoyakata.

Siku hizi dada anawafundisha wasichana wawili kushona. Yeye anaelekeza kwa mdomo, wao wanatia uzi. Mizani bado anakunywa chai kule kila Jumamosi, lakini kwanza anavishona vifungo vya sare, kimoja kimoja, vibaya vibaya, na dada anavikagua.