Wawili Waliogombea Nyumba Moja

Jumapili ile, katika nyumba iliyotangazwa kuuzwa kaskazini mwa Spokane, watu walijaa hadi sebuleni hapapitiki. Kila mmoja alivalishwa mifuko ya karatasi ya buluu juu ya viatu, matope ya theluji yasiingie ndani. Kirsten, mwenye koti jekundu la sufu, akateleza jikoni. Mkono ukamdaka.

“Pole, mrembo. Ukivunjika hapa watapandisha bei,” akasema Wade, kijana mpana wa mabega anayenukia mbao mbichi.

“Basi niachie, wasije wakakutoza na wewe.”

Wakaenda kunywa kahawa, na juma zima simu zao hazikupoa. Kirsten hakusema kwamba anaitaka ile nyumba kwa ajili ya mama yake wa kiti cha magurudumu, maana haikuwa na ngazi hata moja. Wade naye hakusema ameipenda gereji yake. Mji ule mtu akitaka nyumba hufunga mdomo. Humwambia wakala wake wa nyumba tu: yeyote akipandisha bei, nipandishe juu yake. Wakawa wanabembelezana kwenye simu huku mawakala wao wakipandishiana.

Ijumaa Wade akapiga. “Mpenzi, nimepata nyumba! Ile uliyoteleza!”

“Kumbe ni wewe uliyenizidi,” Kirsten akasema. “Mimi ndiye wa pili kwa bei, Wade. Bafu letu liko juu, mama namwogesha kwa beseni sebuleni. Na wewe ulikuwa unanibembeleza ili unichunguze bei!”

“Sikujua, naapa—”

Simu ikakatika. Akapiga tena na tena, haikupokewa.

Wade alikaa garini hadi vioo vikaingia ukungu. Akijitoa, wa pili ndiye ataitwa, na amana yeye Wade aliyoweka kuishika nyumba itapotea yote. Akampigia wakala.

Jioni simu ikalia.

“Naambiwa nyumba ni yangu,” Kirsten akasema polepole. “Umefanya nini?”

“Nimejitoa.”

“Na amana?”

“Imekwenda.”

“Mjinga wewe!”

“Wakala wangu kakutangulia kuniita hivyo.”

Kirsten hakucheka. “Mtu hatupi hela hivyo kwa mwanamke wa juma moja.”

“Sikufanya ili unipende. Ningelalaje mle, nikijua mama yako anaogea beseni?”

Nyuma ya Kirsten ikasikika sauti ya kizee: “Ndiye huyo mwizi wa nyumba? Mwambie viazi vimeiva!”

“Mama, usiingilie!” Kisha taratibu: “Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Unakuja kula tu, Wade. Sijakusamehe.”

“Sawa, kipenzi,” akasema, na gari lilikwisha ingia barabarani.